Aliyekikataa Kiswahili Mezani Si Mchina

Waungwana malenga, nanyi nyote mkipendao Kiswahili, leo sikuja na shairi la kupimwa mizani. Nimekuja na lawama. Tena kabla sijaanza kuigawa, nakiri mapema kwamba fungu moja la lawama hiyo, na si fungu dogo, ni langu mwenyewe.

Hivi karibuni nilialikwa chakula cha mchana hapa Mbeya, katika mgahawa mdogo wa Kichina uliomo mtaani. Aliyenialika ni mwanafunzi wangu wa zamani, niliyemfundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, ambaye sasa ana duka la uchapaji. Aliposikia kuwa nina mgeni nyumbani akasema, "Mwalimu, njoo naye. Nawapeleka kwa Mchina halisi." Mgeni huyo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuja kwa basi kutoka Iringa kutusalimu. Umri wake umevuka sabini. Ujanani alikuwa kibarua katika ujenzi wa reli ya TAZARA, upande wa Makambako. Baadaye akarudi kwao kulima mahindi na kupanda miti. Ni msomaji hodari. Gazeti likimfikia hulisoma toka kichwa cha habari hadi tanzia, na mtangazaji wa redio akikosea ngeli humsahihisha kwa sauti, kana kwamba redio inamsikia. Kiingereza hana, wala sikuwahi kumwona akikihitaji, mpaka siku hiyo.

Mgahawa wenyewe ni wa meza sita. Mna taa mbili nyekundu za karatasi, kalenda ya Kichina ukutani, na harufu ya tangawizi na kitunguu saumu iliyotupokea tangu barazani. Binti mhudumu akatuamkia kwa adabu, "Shikamooni, wazee wangu," akatuwekea menyu mezani: karatasi ngumu iliyofunikwa plastiki, yenye picha za rangi. Juu ya kila picha palikuwa na maandishi ya Kichina, na chini yake Kiingereza. Kiswahili hakikuwamo, hata neno "karibu".

Shemeji akavaa miwani. Akaitazama ile karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Mkao ule naujua. Niliuona nikiwa mtoto, miaka ya 1970, wazee wa kijijini kwetu walipoketi kwenye madawati yetu jioni kwa ajili ya kisomo cha watu wazima. Ni mkao wa mtu anayetafuta kosa katika miwani ili asilione kwake. Hatimaye akanisogezea menyu, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nisomee."

Ndugu zangu, hapo ndipo chakula kilipoanza kunikaa kooni kabla hakijaletwa. Mtu huyu anasoma. Nchi hii ilitumia miaka na jasho ili watu wa rika lake wasome. Amesoma Kiswahili maisha yake yote, katika nchi ambayo Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na karatasi moja ya chakula, katika mji ulio mwendo wa basi kutoka kwake, imemrudisha kwenye dawati la jioni.

Nikamsomea. Akaweka kidole kwenye picha moja. Nikaangalia Kiingereza chake, nikamwambia, "Hii ni machipukizi ya mianzi." Akanitazama. "Mianzi? Hii hii ya ulanzi?" Nikasema ndiyo. Akacheka hadi akashika meza. Mzee wa Iringa, aliyekata ncha za mianzi michanga kila masika na kuning'iniza mbeta za kukinga ulanzi tangu utotoni, alihitaji mkalimani ili aambiwe kuwa kilichomo katika picha ni mwanzi.

Kidole kikahamia kwenye bilinganya. Kiingereza chake kilisema kuna samaki, nami nikamtafsiria hivyo hivyo kwa kujiamini: bilinganya la samaki. Akakunja uso, samaki si rafiki yake. Ndipo mpishi alipotoka jikoni, Mchina wa makamo mwenye aproni iliyofifia, akatuamkia na kusema, "Karibuni wazee. Bilinganya leo nzuri sana. Samaki hamna, jina tu." Kumbe chakula hicho kwao huitwa bilinganya la harufu ya samaki kwa sababu viungo vyake ni vile vinavyopikiwa samaki: pilipili, tangawizi, saumu, siki na sukari kidogo. Samaki mwenyewe hayumo. Kiingereza kilikuwa kimenidanganya mimi niliyekisoma, nami nikamdanganya shemeji. Aliyetutoa gizani ni Mchina, kwa Kiswahili.

Shemeji akafufuka. Akamwuliza alikojifunza lugha. Mchina akajibu, "Sokoni. Akina mama wamenifundisha." Wakaanza mazungumzo ya reli, ya baridi ya Makambako, ya mafundi waliokuja na vijitabu vya maneno ya Kiswahili mifukoni na kulima bustani za mboga kando ya kambi zao. Wapo watakaocheka nikisema kwamba Mchina yule alichanganya ra na la. Mimi sicheki. Nimefundisha Nyanda za Juu Kusini miaka mingi, na wino mwekundu nilioumaliza kusahihisha ra na la katika insha za wenyeji ungetosha kupaka nyumba.

Basi pale mezani palikuwa na watu watano: wazee wawili, mwenye duka, binti mhudumu na mpishi. Wote watano tulisema Kiswahili. Kilichokuwa hakisemi Kiswahili ni karatasi peke yake.

Nikamgeukia mwanafunzi wangu, nikaanza kuilaumu ile menyu na huyo aliyeitunga. Akaniacha nimalize, kama nilivyomfundisha. Kisha akatabasamu na kusema, "Mwalimu, ile menyu nimeichapa mimi." Akaeleza kwamba Mchina alimletea orodha aliyoiandika kwa mkono, kwa Kichina na Kiswahili. Yeye, kwa kumtakia mema, akakiondoa Kiswahili na kutia Kiingereza alichokipata kwenye intaneti, ili mgahawa uwe na hadhi. Mpishi akasikia. Akaenda kwenye droo ya fedha, akarudi na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Nikaisoma. "Wali kaanga yai." "Tambi nyama ngombe." "Bilinganya saumu, tamu chachu, samaki hamna." Upatanisho wa ngeli ulikosewa, herufi zilipishana, lakini hapakuwa na mstari mmoja ambao shemeji hakuuelewa. Kama ningekuwa na kalamu nyekundu ningempa alama zote.

Nikamwambia kijana wangu, "Umekosa." Akajibu kwa upole, na upole wake ndio uliouma: "Mwalimu, unakumbuka kile kibao?"

Nakikumbuka. Katika shule moja niliyofundisha palikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Mwanafunzi aliyesikika akisema Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili alikivishwa shingoni, akatembea nacho mpaka amkamate mwenzake. Mwalimu wa zamu ndiye aliyekitoa kibao asubuhi na kukipokea jioni. Akaendelea: "Nilikivaa mara mbili. Mara ya pili ulinivisha wewe. Saa mbili baadaye ukaingia darasani kutufundisha kwamba Kiswahili ni lulu."

Sikuwa na jibu, na sina. Ndiyo maana nilisema fungu moja ni langu. Sisi walimu tuliotoka vyuo vya ualimu na vyeti vya kufundisha Kiswahili (mimi nilifunzwa Chuo cha Ualimu Kleruu, Iringa, na nakiheshimu mpaka leo) tulikifundisha kwa ulimi na kukiadhibu kwa kibao. Mtoto si mjinga. Hujifunza yote mawili, na akiwa mtu mzima hutenda lile lililomuuma. Menyu ile ni mtihani niliousimamia miaka thelathini iliyopita, na matokeo yake yameniletea chakula cha mchana.

Sasa niwageukie wenzangu wa jukwaa hili, maana najua mtakayosema.

Mtasema kwanza kwamba chakula cha kigeni kiachwe na majina yake ya kigeni, na kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuelezea upishi wa Uchina. Mimi nasema hilo ni kosa la historia kabla halijawa kosa la lugha. Tazameni maneno matatu.

La kwanza ni sinia. Hakuna harusi ya pwani wala ya bara isiyo na sinia la pilau. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, nao waliliunda kutokana na Sini, yaani Uchina, kwa kuwa vyombo vizuri vya mezani vilihusishwa na nchi hiyo. Vipande vya kauri za Kichina vimefukuliwa Kilwa na Gedi, na vingine vilipachikwa katika makaburi ya kale ya Kunduchi. Kila tunapokaa kulizunguka sinia tunaitaja Uchina bila kujua.

La pili ni chai. Wachina huita cha. Neno likapita kwa Waajemi na Wahindi likatufikia likiwa chai. Leo mtu wa Tukuyu au wa Mufindi, anayeamka na kuyaona mashamba ya chai yaliyofunika vilima kama zulia, atakushangaa ukimwambia kuwa hilo ni neno la kigeni. Limeota mizizi kuliko mti wenyewe.

La tatu ni chainizi. Nenda soko lolote la Mbeya au Iringa, utazikuta fungu kwa fungu zimepangwa pamoja na mchicha na figiri. Hapo tuliichukua mboga ya Kichina, tukaipa jina la Kichina kwa Kiingereza, kisha tukalitia irabu mwishoni likawa letu.

Angalieni mtiririko huo. Sinia ilipita kwa Mwarabu. Chai ilipita kwa Mwajemi na Mhindi. Chainizi ilipita kwa Mwingereza. Kila mara Uchina ilipotufikia kinywani, mtu wa tatu alisimama katikati, na zamani hilo halikuwa na budi, maana bahari ilikuwa kubwa na mkalimani ni mmoja. Lakini sasa Mchina mwenyewe ameketi mezani petu, amejifunza lugha yetu sokoni, ameandika orodha yake kwa Kiswahili, naye anasema "karibuni wazee." Kwa mara ya kwanza katika historia ndefu hiyo hatuhitaji mtu wa tatu. Ndipo tunapokimbia mbio kumwita Mwingereza aje asimame katikati! Huo si ufukara wa lugha, ni mazoea ya utumwa.

Wala msiseme kwamba Wachina ndio wasiotujali. Redio ya Beijing ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na hapa kwetu ndipo ilipopanda milima migumu kutoka Mlimba hadi Makambako, kisha ikaja Mbeya. Shamba la mpunga la Mbarali lilianzishwa kwa msaada wa Uchina, na mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira vilevile. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ilituonyesha tamthiliya ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, nayo ilitafsiriwa kwa Kiswahili. Bibi zetu waliifuata bila kusomewa na mtu. Yapo mengi ya kulaumiana na Wachina katika biashara na katika kazi, nami si msemaji wao. Katika hili la lugha, hata hivyo, wao wamekuja nusu ya safari na zaidi. Sisi ndio tuliobaki kituoni.

Mtasema pili kwamba menyu ya Kiingereza ni ya wageni, watalii na wahandisi. Haya, hesabuni. Siku ile meza sita zilikuwa na watu. Niliwasikia wote. Palikuwa na vijana wa benki, mama na binti zake wawili, madereva wa malori yaendayo Tunduma. Mgeni wa kutoka ng'ambo hakuwepo hata mmoja. Na kama angekuwepo, nani amekataza lugha tatu katika karatasi moja? Mimi sikusema Kiingereza kifutwe. Nilichosema ni kwamba Kiswahili kilikuwamo, na kimefutwa. Mwenye nyumba hakatazwi kumwekea mgeni kiti; anachokatazwa ni kumnyang'anya mama yake kiti ili mgeni ambaye hajafika aje akikute.

Mtasema tatu, na hili ndilo kubwa, kwamba haya ni mambo ya tumboni, ilhali tuna vita vikubwa: lugha ya kufundishia sekondari, lugha ya mahakama, lugha ya sayansi. Mshairi mmoja mwenzangu alipata kuniambia kwamba kazi ya malenga ni kuitetea lugha katika mambo makubwa. Namheshimu, lakini hapa amepotoka. Lugha haifi bungeni. Bungeni hupigiwa makofi. Lugha hufa mahali ambapo hakuna aliyeweka mlinzi: kwenye kibandiko cha dawa, kwenye risiti, kwenye kitufe cha simu, kwenye menyu. Mzazi ambaye ameaibika mezani kwa kutojua Kiingereza ndiye huyo huyo anayekwenda kesho yake kumwandikisha mtoto wa miaka minne katika shule ya Kiingereza, hata kwa kuuza shamba. Ukimwuliza sababu atasema "maendeleo", lakini sababu ya kweli ni aibu. Atapigaje kura ya Kiswahili sekondari mtu ambaye Kiswahili hakikumtosha kuagiza wali?

Wala BAKITA lisisingiziwe. Baraza hilo lipo tangu 1967 na lina kazi zake. Haliwezi kukaa katika kila meza ya kila mgahawa. Kuvipa jina vitu vya mtaani ni kazi ya watu wa mtaani, na mbele yao, au tuseme nyuma yao, ni kazi yetu sisi tunaojiita malenga.

Nasema nyuma yao kwa sababu wametuacha mbali. Mama lishe wa Iringa, mwenye ubao mweusi na chaki, hajapata kushindwa kukipa chakula jina. Ataandika "chipsi mayai", "wali maharage", "supu ya makongoro", "rosti", na kila apitaye atasoma na kuelewa. Nani aliyeita nyama ya nguruwe kitimoto? Nani aliyeita chipsi mayai zege, kwa kuwa mayai yanashika viazi kama saruji inavyoshika kokoto? Hiyo ni sitiari kamili, na haikutoka katika diwani ya yeyote kati yetu. Ilitoka kibandani, penye moshi. Sisi tunagombana kuhusu vina vya kati, wao wanaunda lugha.

Hebu basi tujaribu. Kitu ambacho Mwingereza ana jina lake refu, sisi tuna tambi, nazo zilikuwa zikipikwa kwa sukari na nazi kabla Mchina huyu hajazaliwa. Tuna siki, ufuta, giligilani, tangawizi, saumu. Tuna kukaanga, kuchemsha, kutokosa na kupika kwa mvuke. Vile viji­ti viwili vya kulia ni vijiti, basi. Tofu ibaki tofu, kama pilau ilivyobaki pilau. Mchina huita doufu, Mjapani tofu, na ulimi wetu haujikwai kwa lolote kati ya hayo. Sitaki kila neno la kigeni litafsiriwe hata litoke damu. Lugha yenye afya hukaribisha neno likija na kitu chake. Ninachokataa ni kulifukuza neno lililokuwa tayari nyumbani.

Palibaki kimoja kilichotushinda: vile vinyama vilivyofungwa ndani ya unga mwembamba na kupikwa kwa mvuke, ambavyo Wachina huviita jiaozi. Mimi mwenye cheti nikakwama. Shemeji akauma kimoja, akatafuna taratibu, akasema, "Hivi ni vifumbo. Unga umefumba, na huwezi kujua mna nini mpaka uume." Vifumbo vya nyama! Nimesoma mashairi ya mafumbo maisha yangu yote, na sikuwahi kuona fumbo lililofumbuliwa kwa meno. Mzee huyu ndiye ambaye saa moja kabla karatasi ilimwambia kwamba hajui kusoma.

Nisimalize bila kusema juu ya lile neno halisi. Mwanafunzi wangu alituahidi Mchina halisi. Nimelifikiria sana neno hilo. Mchele tuliokula ulitoka Mbarali. Saumu na tangawizi zilitoka sokoni Mwanjelwa, na chainizi zilitoka bustani za Uyole. Mpishi alituambia kwamba baadhi ya viungo vya kwao havipatikani hapa, akajifunza kutumia vyetu. Je, chakula chake kimepungua uhalisi? La hasha. Mikono ni yake, ujuzi ni wa mama yake, mchele ni wetu. Chakula hicho ni halisi kwa sababu kimekubali mahali kilipo, kama chai ilivyokubali Tukuyu. Katika mgahawa mzima kitu kimoja tu hakikuwa halisi. Si cha Uchina, si cha Mbeya, hakikutoka jikoni wala sokoni. Ni ile karatasi.

Tulipokuwa tukiondoka nilimwomba mwanafunzi wangu aichape upya, kwa Kiswahili kilichonyooshwa ngeli, na gharama nichangie. Akasema, "Nitaangalia, Mwalimu." Walimu tunalijua jibu hilo. Sikumkasirikia. Kibao kilikaa shingoni mwake miaka mingi kuliko dakika zangu za kuomba radhi, ambayo niliiomba pale pale mbele ya shemeji. Lakini aliyenishinda ni Mchina. Aliikunja karatasi yake ya daftari mara nne, akaishika, akaniuliza kwa dhati, kama mfanyabiashara amwulizavyo mwenyeji: "Mzee, nikiandika Kiswahili, Waswahili watakuja?"

Swali hilo siwezi kulijibu peke yangu. Nalileta kwenu. Kila mmoja wenu ana mtaa wake, na katika mtaa huo upo mgahawa, au hoteli, au kibanda, chenye karatasi inayomwaibisha mzazi wa mtu. Nendeni na kalamu. Msiombe ruhusa ya baraza, mwombeni mwenye jiko. Mwandikieni orodha moja, kwa Kiswahili safi kisicho na majivuno, muitundike karibu na ile ya Kiingereza, kisha mwende kula hapo, muagize kwa sauti. Hilo ndilo litakuwa jibu la Mchina yule. Nami nisije nikasemwa nimeacha ada ya jukwaa, natanguliza beti zangu tatu:

Mgeni ametamka, karibuni mlangoni,
Lugha yetu kaishika, kwenye moto wa jikoni,
Mwenyeji ametoroka, lugha kaacha njiani,
Nani mwenyeji hakika, nani hapa ni mgeni?

Tambi ziitwe kwa jina, tambi tulizozijua,
Mianzi tunaiona, Iringa inachipua,
Ndimi zetu zafanana, menyu ndiyo yasumbua,
Nani mwenyeji hakika, nani hapa ni mgeni?

Malenga msidharau, kazi hii ya mezani,
Chai, sinia, pilau, vilitoka ugenini,
Mbona leo twasahau, ukarimu wa zamani,
Nani mwenyeji hakika, nani hapa ni mgeni?